Kumpata kiongozi mpya wa taifa wa jumuiya ya kiroho: bahasha, sanduku la tawini, wajumbe au simu?

Muhula wa kiongozi wa taifa ukikaribia kwisha, makao makuu huyaandikia matawi kuuliza: safari hii tuchague kwa njia gani? Aliyeko Dar es Salaam hujibu kwa kuangalia yanayomrahisishia yeye, na aliyeko Liwale au Mangaka ndiye anayebeba nauli. Ulinganisho huu ni wa makatibu wa matawi ya Mtwara na Lindi wanaotakiwa kupeleka pendekezo la kanuni za uchaguzi. Tunazungumzia jumuiya ambayo mtu huingia kwa kujaza fomu na kulipa ada, yenye matawi na baraza la taifa, na ambayo kiongozi wake harithi nafasi wala hateuliwi na mtu mmoja.

Sharti hilo la mwisho linaziweka kando jumuiya nyingi za huku kwetu. Tarika za Kadiria na Shadhilia, zenye mizizi mirefu Kilwa na Lindi, hazipigi kura kumpata khalifa, yaani kiongozi wa tarika. Khalifa hupewa ijaza, yaani idhini, na sheikh wake. Abasia ya Ndanda nayo humchagua abati, mkuu wa abasia, kwa kura ya siri ya wamonaki wenye nadhiri za daima, ila hao ni watu wanaosali na kula pamoja kila siku, wanajuana hadi hatua za miguu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 64, inakubali hata abati achaguliwe na sehemu ndogo tu ya jumuiya, mradi sehemu hiyo ina busara zaidi. Ukijaribu hivyo katika jumuiya ambayo tawi la Newala halijawahi kuwaona watu wa tawi la Kilwa Masoko, utavunja jumuiya kabla jioni haijaingia.

Msimamo wetu tunauweka mapema: kwa jumuiya ya wanachama mia kadhaa waliotawanyika kusini, kura ya kila mwanachama inayopigwa tawini siku moja na kuhesabiwa papo hapo ndiyo inayostahimili barabara, mitandao na maneno ya watu. Njia nyingine tatu zina mahali pake. Nje ya hapo zinashindwa, na sababu zinajulikana.

Hesabu tutakayoitumia

Chukua jumuiya ya kubuni yenye matawi 11: Mtwara mjini wanachama 140, Masasi 120, Lindi mjini 80, Newala 60, Nachingwea 55, Tandahimba 45, Ruangwa 30, Kilwa Masoko 28, Mangaka 14, Nanyamba 12 na Liwale 9. Jumla ni 593. Ukiongeza matawi ya mikoa mingine namba zinakua, lakini matatizo yanabaki yaleyale.

Kura ya bahasha

Hii ndiyo njia ya kale ya jumuiya za kiroho zenye wanachama nchi nyingi. Theosophical Society, iliyoanzishwa New York mwaka 1875 na yenye makao makuu Adyar, Chennai, humpata rais wake wa kimataifa kwa kura za wanachama wa mataifa yote, kwa muhula wa miaka 7. Annie Besant alishika nafasi hiyo mwaka 1907 baada ya kifo cha rais wa kwanza, Henry Steel Olcott, akabaki nayo hadi alipofariki mwaka 1933. Mwaka 2008 Radha Burnier na John Algeo walishindania nafasi hiyo, na mjadala mkubwa ukawa juu ya uzito wa kura: sehemu ya India ndiyo yenye wanachama wengi kuliko nchi nyingine yoyote, hivyo inakoelekea India ndiko mara nyingi matokeo yanakoelekea. Hapa kwetu badala ya India soma Dar es Salaam. Kura ya mtu mmoja mmoja haipunguzi nguvu ya penye wanachama wengi, na anayeichagua akubali hilo tangu mwanzo.

Utaratibu wake unahitaji bahasha tatu kwa kila mwanachama: ya kumpelekea, ya kurudishia yenye anwani ya kamati na stempu, na ndogo isiyo na alama yoyote ya kufichia karatasi ya kura. Mwanachama anaweka alama, anafunga karatasi ndani ya bahasha ndogo, anaiingiza katika bahasha ya kurudishia, kisha anaandika jina, namba ya uanachama na saini nyuma ya bahasha hiyo ya nje. Kamati inalinganisha saini na rejista, inakata jina, inatoa bahasha ndogo bila kuifungua na kuitumbukiza sandukuni. Kuhesabu huanza zikishachanganywa zote. Kwa watu 593 hizo ni bahasha 1,779, na stempu mara mbili kwa kila mtu.

Kinachoharibika kwanza ni anwani. Wanachama wengi wa vijijini hawana sanduku la posta. Barua zao hupitia sanduku la shule, la misheni, la msikiti au la chama cha msingi cha ushirika. Bahasha thelathini zikifika katika sanduku moja, anayeshika ufunguo anakuwa mgawaji wa kura bila kuchaguliwa na mtu. Pili ni saini. Wapo watakaosaini karatasi yenyewe ya kura, maana maisha yao yote wamefundishwa kwamba karatasi isiyo na saini si halali. Kura hiyo huharibika, na hao mara nyingi ni wazee waaminifu kuliko wote. Tatu ni mkusanyaji: mtu mwema anayejitolea kupita nyumba kwa nyumba na bodaboda "kuwasaidia" kurudisha bahasha. Kanuni iseme wazi kwamba mtu mmoja haruhusiwi kubeba bahasha zaidi ya mbili, yake na ya mtu wa nyumbani kwake.

Toa siku 45 kamili tangu bahasha kuondoka hadi siku ya mwisho ya kupokea. Na andika kama kinachotazamwa ni muhuri wa posta au siku ya kufika. Chagua siku ya kufika, kwa sababu muhuri uliofifia huzaa ugomvi usio na mwamuzi.

Bahasha zinafaa kwa wanachama walioko nje ya nchi, wagonjwa, na wanaoishi mbali na tawi lolote. Kwa jumuiya nzima ya kusini, hapana.

Mkutano mkuu wa wajumbe

Makanisa mengi yanakwenda hivi. Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huchaguliwa na Mkutano Mkuu wa kanisa kutoka miongoni mwa maaskofu, kwa kipindi cha miaka minne. Wabaha'i, waumini wa dini ya Kibaha'i, wanatumia wajumbe kwa namna ya pekee: wajumbe wa mkutano wa taifa huandika kwa siri majina 9 ya Baraza la Kiroho la Taifa, bila wagombea, bila kupendekezana na bila kampeni yoyote, na wenye kura nyingi zaidi ndio wanaoingia. Baraza hilo ndilo linalojichagulia mwenyekiti na maofisa wake baadaye.

Utaratibu huo wa Wabaha'i huwavutia sana watu wa jumuiya nyingine, nao hunakili nusu yake. Wanaondoa wagombea, lakini wanabaki na kiti kimoja. Unapojaza viti 9 kwa wingi wa kawaida, kura zikitawanyika bado wapo 9 wa juu. Ukiwa na kiti kimoja na wajumbe 30 wasiopewa majina, kila tawi litamwandika mwenyekiti wake, na duru ya kwanza itakupa majina kumi yenye kura mbilimbili au tatutatu. Njia hiyo kwa kiti kimoja inataka duru nyingi mfululizo, na duru nyingi zinawezekana tu watu wakiwa ndani ya ukumbi mmoja.

Sasa tazama mgawo wa wajumbe, ambao ndio moyo wa jambo. Kanuni ya "kila tawi wajumbe wawili" inasikika kama haki. Katika mfano wetu inatoa wajumbe 22. Mangaka, Nanyamba na Liwale, wenye wanachama 35 kwa pamoja, yaani chini kidogo ya asilimia 6 ya wote, wanapata wajumbe 6, zaidi ya robo ya kura. Mtwara mjini na Masasi, wenye watu 260, karibu asilimia 44, wanapata 4. Badilisha iwe "mjumbe mmoja kwa kila wanachama 25 au sehemu yake": Mtwara 6, Masasi 5, Lindi 4, Newala 3, Nachingwea 3, Tandahimba, Ruangwa na Kilwa Masoko wawiliwawili, na matawi matatu madogo mmojammoja. Jumla 30. Matawi madogo yanabaki na sehemu ya kumi, bado zaidi ya uzito wao ila si kwa kuchekesha, na mawili makubwa yanapata 11 kati ya 30. Kama mtakwenda kwa wajumbe, hii ndiyo kanuni. Kila inayozungumzwa badala yake, ipigieni hesabu kwa namna hiyohiyo kabla ya kuikubali.

Gharama ipimwe kwa siku za watu, maana nauli hubadilika. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 560, na kutoka huko hadi Dodoma ni zaidi ya 400 nyingine. Mkutano ukiwa Dodoma, mjumbe wa kusini anahitaji siku mbili za kwenda, moja ya mkutano na mbili za kurudi. Wajumbe 30 ni siku 150 za watu, ukiacha chakula na malazi. Atakayelipia ni nani? Jumuiya ikikosa fedha, mgombea mwenye uwezo "hujitolea" nauli, na hapo uchaguzi umeshakwisha mnadani. Kanuni ikataze mgombea au mtu wa karibu naye kulipa hata chai ya mjumbe, na mfuko wa nauli ukusanywe kutoka matawi yote mapema.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayoruhusu mkutano kufunguliwa. Mapema Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mkutano uliopangwa wiki kama hiyo, wenye akidi ya theluthi mbili ya wajumbe wote, hauna njia ya kufunguliwa. Ukifunguliwa kwa akidi ya nusu, kusini nzima inaweza kuwa nje ya ukumbi na bado maamuzi yakawa halali. Kinga yake ni kuandika akidi mbili kwa pamoja: nusu ya wajumbe, na wajumbe kutoka angalau theluthi mbili ya matawi.

Lipo swali lingine ambalo kanuni nyingi hulikwepa: mjumbe anapiga kura ya tawi au ya dhamiri yake? Katika jumuiya ya kiroho tunaona dhamiri inafaa zaidi, kwa sababu mkutano ndipo mahali pekee wagombea wanapoulizwa maswali ana kwa ana. Mjumbe aliyefungwa kamba na tawi lake ni barua yenye miguu, na barua ni nafuu kuisafirisha.

Simu na mtandao

Njia hii husemwa kwa shauku na vijana wa tawi na kwa woga na wazee, na pande zote mbili zina sababu. Mambo manne yanahitaji kupimwa.

La kwanza ni laini. Kura ya simu inadhani namba moja ni mtu mmoja. Vijijini laini ya mama mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, kitochi kimoja kinatumiwa na nyumba nzima, na namba iliyoandikwa katika fomu miaka mitano iliyopita leo ni ya mtu mwingine. Kabla ya kufikiria mfumo wowote, pigeni simu kwa namba zote za rejista. Zaidi ya moja kati ya kumi zikishindwa kumpata mwenyewe, achaneni na njia hii kwa uchaguzi huu.

La pili ni siri. Kura za maoni ndani ya kundi la WhatsApp huonyesha nani kachagua nini; hizo hazifai hata kumchagua katibu wa tawi. Fomu za bure za mtandaoni humpa mwenye akaunti majibu yote pamoja na muda yalipotumwa, na ukiambatanisha jina ili kuzuia kura mbili, siri imekufa. Mifumo ya kura inayotenganisha jina na kura ipo, ila kamati iulize: nani ana nywila ya msimamizi, na je, wanaweza kuwa wawili wanaotegemeana, kila mmoja na nusu yake?

La tatu ni mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya mikongo ya baharini iliyumbisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Upigaji kura uliopewa muda wa saa kumi na mbili tu haufai kitu siku kama hiyo. Dirisha la kura liwe siku saba, na kanuni iseme litasogezwa kwa siku ngapi mtandao ukikatika. Mfumo wa kubonyeza nyota na reli hautegemei intaneti ya mpigaji, lakini namba fupi inapatikana kwa utaratibu wa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kampuni za simu, kazi ya muda na fedha ambayo haina maana kwa watu 593.

La nne ni sheria. Rejista yenye majina, namba za simu na dini au imani ya mtu inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumkabidhi kijana fundi wa kompyuta faili zima kwa flashi si jambo dogo tena.

Sanduku la tawini

Kila tawi linapiga kura siku ileile, saa zilezile, na kuhesabu mbele ya waliopo. Vifaa ni vya kawaida. Karatasi 593 pamoja na ziada ya asilimia 5, yaani 623, zikichapwa mbili katika karatasi moja ya A4, ni karatasi 312. Rimu moja inatosha na kubaki. Kila tawi lipewe idadi iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya kifuniko. Sanduku linaweza kuwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa, ikaonyeshwa tupu kwa wote, ikazungushiwa utepe wa karatasi wenye gundi na saini tatu. Kwa faragha, kitenge kilichotundikwa pembeni mwa chumba kinafanya kazi yake.

Wasimamizi ni watatu: msimamizi kutoka tawi jingine, karani wa tawi, na shahidi asiye ndugu wa mgombea. Matawi 11 mara watu 3 ni siku 33 za watu, na zaidi yake ni nauli ya msimamizi mmoja kila tawi, si wajumbe wote. Weka msimamizi wa Newala akasimamie Tandahimba, wa Tandahimba Newala, wa Ruangwa Nachingwea. Ni safari za asubuhi na jioni.

Karatasi iwe na picha za wagombea, na mpangilio wa majina upatikane kwa bahati nasibu mbele ya kamati. Asiyeona au asiyesoma amchague mwenyewe wa kumsaidia, na msaidizi huyo asimsaidie mtu mwingine zaidi.

Kuhesabu ndiko kunakotofautisha njia hii na nyingine. Kwanza hesabu karatasi zote bila kutazama alama, zilinganishe na majina yaliyokatwa katika rejista. Zikizidi hata moja, simameni na kuandika kabla ya kuendelea. Kisha soma kila kura kwa sauti na kuionyesha. Fomu ya matokeo ijazwe nakala tatu: moja ibandikwe mlangoni, moja ibaki tawini, moja iende kamati ya taifa. Picha ya fomu itumwe, na kisha karani apige simu kusoma namba, kwa sababu picha yenye kivuli imeshasababisha 6 kusomwa 0 mara nyingi mno. Siku ya kujumlisha, kila tawi litakuwa tayari linazo namba zake. Makao makuu hayana nafasi ya kuzirekebisha.

Kasoro kubwa ipo, nayo hutajwa mara chache: tawi dogo halina siri. Liwale wana wanachama 9. Wakipiga 8, na zote zikaenda kwa mgombea mmoja, kila mtu anajua jirani yake kachagua nani. Zikienda 7 kwa 1, watamtafuta huyo mmoja. Dawa ni kuweka kiwango: tawi lenye wanachama chini ya 15 lipige kura kwake, lakini sanduku lisifunguliwe hapo. Lisafirishwe likiwa limefungwa na kuchanganywa na la tawi kubwa la jirani: Liwale na Nachingwea, Mangaka na Masasi, Nanyamba na Mtwara. Msimamizi na shahidi wote wawili wasafiri nalo. Karatasi zihesabiwe idadi kwanza, kisha zichanganywe, kisha zisomwe.

Kwa wanaotaka kuona kwa jicho moja:

| | Bahasha | Wajumbe | Simu | Sanduku tawini |
|---|---|---|---|---|
| Nani anaamua | kila mwanachama | watu 30 | mwenye laini | kila mwanachama anayefika |
| Muda wa kupiga | siku 45 | siku 1, safari siku 5 | siku 7 | siku 1 |
| Kinachovunja kwanza | anwani na saini | barabara na nauli | rejista ya namba | siri ya tawi dogo |
| Wagombea kuulizwa maswali | hapana | ndiyo | kwa shida | kabla ya siku ya kura tu |
| Kuhesabu upya | inawezekana | inawezekana | hutegemea fundi | inawezekana |

Mshindi ni yupi?

Njia zote nne zinahitaji jibu la swali hili, na hapa ndipo jumuiya nyingi hupasuka. Tuseme wamepiga 480. A kapata 190, B 160, C 130. Kwa wingi wa kawaida A ni kiongozi, ilhali sita kati ya kila kumi hawakumtaka. Chama cha siasa huvumilia hilo. Jumuiya ya kiroho haina jeshi wala ruzuku ya kuwashika watu. Walioshindwa huacha kulipa ada, na mwaka unaofuata tawi halipo.

Duru ya pili kati ya A na B ni safi lakini inarudia gharama zote. Mbadala ni kura ya mapendeleo: mwanachama anaandika 1, 2, 3. C akitolewa, kura zake 130 zinafunguliwa: 95 zina B wa pili, 25 zina A, 10 hazina wa pili. B anafika 255, A 215. B anashinda kwa zaidi ya nusu ya kura 470 zilizobaki, siku ileile.

Je, hesabu hiyo inawezekana tawini bila kusafirisha karatasi? Kwa wagombea watatu, ndiyo. Mipangilio kamili ni 6 tu, ukiongeza 3 ya walioandika chaguo la kwanza peke yake, fomu ina mistari 9. Karani anahesabu kila mstari, anausoma kwa simu, na kamati inajumlisha. Wakiwa wanne, mistari inafika 40 na makosa yanaanza. Kwa hiyo kanuni iseme: wagombea wakizidi watatu, baraza la taifa lipige mchujo kwanza. Mchujo kabla ya hatua ya mwisho si jambo geni: Wakristo wa Kanisa la Kopti la Misri, walipotafuta papa wao mwaka 2012, waliwapata watatu kwa kura, kisha mvulana aliyefungwa macho akaokota jina la Tawadros madhabahuni. Hiyo hatua ya pili hatuipendekezi, ila mantiki ya kupunguza kwanza ni ileile.

Mgombea akiwa mmoja, na hutokea kuliko watu wanavyodhani kwa kuwa kazi hii haina mshahara, karatasi iwe na NDIYO na HAPANA. Kumpitisha kwa makofi kunamnyima nguvu ya kusema baadaye kwamba alichaguliwa.

Kalenda ya korosho

Njia yoyote mtakayoichagua, tarehe ya kufunga rejista inaweza kuifuta kusini kimyakimya. Wanachama wetu wengi wanapata fedha minada ya korosho inapofanyika, kuanzia Oktoba hadi karibu Januari, malipo yakipitia vyama vya msingi na kuingia benki. Ada hulipwa wakati huo. Makao makuu yakiweka mwaka wa ada uanze Julai na rejista ifungwe 30 Septemba, mkulima wa Tandahimba anaonekana mdaiwa wiki chache kabla ya kuuza. Hakuna aliyekusudia kumnyima kura, lakini kanyimwa.

Ombeni rejista ifungwe mwisho wa Februari. Machi na Aprili, mvua zikiwa zinanyesha na Liwale ikifikika kwa shida, majina ya wagombea yapendekezwe. Kazi hiyo haihitaji safari, inahitaji fomu yenye saini za wanachama 10 kutoka matawi yasiyopungua matatu. Mei, maelezo ya wagombea yasambazwe: ukurasa mmoja kila mmoja na sauti ya dakika tano ya kusikilizwa tawini, vyote kwa urefu sawa. Kukataza kampeni kabisa huzaa kampeni za chinichini, ambazo ni mbaya zaidi kwa sababu hazijibiwi. Kura ipigwe Julai, barabara zikiwa kavu. Kupulizia mikorosho salfa kutakuwa kunaendelea alfajiri, hivyo sanduku lifunguliwe saa nne. Epukeni Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi. Wenye Wasabato waepuke Jumamosi. Saba Saba ni sikukuu ya taifa, nayo inafaa inapoangukia siku tulivu.

Malipo ya ada kwa mkupuo yatazamwe. Watu ishirini wakilipiwa kutoka namba moja ya simu siku tatu kabla ya rejista kufungwa, hao si wanachama, ni kura zilizonunuliwa. Kanuni rahisi inatosha: anayepiga kura awe na ada ya mwaka uliopita na ya mwaka huu.

Baada ya matokeo

Pingamizi lipewe siku 14, liwe la maandishi, na lijibiwe na watu ambao hawakusimamia kura. Karatasi zote zitunzwe zimefungwa hadi mwaka mmoja upite.

Jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inapaswa kumjulisha Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kuhusu mabadiliko ya viongozi. Andaeni muhtasari uliosainiwa, fomu za matokeo za matawi yote na orodha ya waliopiga kura. Kama kuna bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na kiongozi aliyetoka ni mdhamini, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, nao wanahusika. Benki huchelewa kuliko wote: waliotia saini wa zamani hubaki mpaka barua ziwe kamili, kwa hiyo kanuni imtake kiongozi anayetoka asaini fomu za benki siku ya makabidhiano, pamoja na kukabidhi mihuri, hati za viwanja na vyeti. Na namba ya simu inayopokea ada, ambayo mara nyingi imesajiliwa kwa jina lake binafsi, ihamishwe kabla ya Oktoba, fedha za korosho hazijaanza kuingia.